Mkono Ambao Haukuzunguka

Ijumaa, jioni.

Mvua ya asubuhi imekatika, imetuachia joto la kunata. Nimekaa kitandani, na mkono wangu wa kulia nimeulaza juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Nimeukasirikia.

Tangu Ramadhani ilipokwisha naenda Raskazone kujifunza Wing Chun, mchezo wa kujihami wa Wachina. Fomu yake ya kwanza, yaani mfululizo wa vitendo unaorudiwa vile vile kila siku, inaitwa Siu Nim Tao, maana yake wazo dogo. Huendi popote. Unasimama pale pale, magoti yakitazamana kama unambana mbuzi asikimbie, na mikono peke yake ndiyo inayofanya kazi, polepole mno. Rehema, mwenzangu wa mazoezi, hunicheka magoti yakilegea: "Ticha, mbuzi wako keshafika Pongwe huyo!"

Kila sehemu ya fomu huishia kwa kitendo kimoja. Kiganja kinazungushwa, vidole vinakunjika kuwa ngumi, ngumi inarudi ubavuni. Kazi yake ni kuutoa mkono ulioshikwa. Jumatano Rehema alinikamata kwa nguvu zake zote, nikamponyoka kabla hata sijafikiri. "Loo! Kambale huyu!" akapiga ukelele. Nilirudi nyumbani Ngamiani juu ya baiskeli yangu nikiimba.

Leo amekuja Mzee Hamisi.

Alikuwa rafiki wa baba. Siku ya maziko yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, na tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala hupita kutujulia hali. Mama humwekea kahawa na visheti. Nilipokuwa mdogo nilimpa mkono na kuubusu wake, kama watoto wote wa mtaa.

Sijui ni lini mkono wangu ulianza kuchelewa kurudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi."

"Wanafunzi wako? Na kazi? Na joto hili, mnalalaje?"

Salamu zetu ni ndefu, na mkono hauachiwi mpaka ziishe. Yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote. Akiona zinakaribia kwisha, huzianza upya. Na muda wote huo kidole chake gumba kinatembea katikati ya kiganja changu, taratibu, huku uso wake ni ule ule wa mzee wa watu. Mama alikuwa karibu kabisa, anamimina kahawa.

Mkono ulijua la kufanya. Niliuhisi ukijua. Mzunguko mmoja tu, mdogo, wala asingeumia. Badala yake nikaisikia sauti yangu: "Na wewe baba, mgongo unaendeleaje?"

Nilimwongezea salamu.

Fomu ya mbuzi nimeianza juzi. Hii nyingine nilifundishwa kabla sijasema maneno yakaeleweka: toa mkono, inamisha macho, usiwe wa kwanza kuuondoa. Nilipokosea nilifinywa sikio. Nilipopatia niliambiwa mtoto huyu ana adabu, na nilipenda sana kuambiwa hivyo. Pengine bado napenda. Hilo ndilo linaloniuma.

Alipoondoka nilijaribu kumwambia mama. Kilichotoka ni hiki tu: "Mzee Hamisi hushika mkono muda mrefu."

Mama akacheka, akikusanya vikombe. "Masikini, si anamkumbuka mwenzake? Na wewe ulivyofanana na baba yako!"

Nikavichukua vile vikombe nikaviosha.

Na Jumanne hii hii nilisimama mbele ya kidato cha pili, shuleni kwetu Nguvumali, nikawaambia wasichana kwamba mwili wa mtu ni wake, na kwamba neno "sitaki" halihitaji maelezo. Waliandika kila nilichosema. Mmoja akauliza, "Ticha, na kama ni mtu unayemheshimu?" Nikamjibu haraka, kwa kujiamini, nikageukia ubao.

Sikumbuki nilimjibu nini. Ningekumbuka, ningejaribu leo.

Kabla ya kuandika haya nilifunga mlango nikaifanya fomu yote, tangu mwanzo. Sikukosea popote. Mabega yalitulia, mbuzi hakukimbia, viganja vilizunguka kama maji. Hewa haina mvi. Hewa haikumzika baba yangu.

Keshokutwa ni hitima ya baba. Mzee Hamisi ndiye atakayeongoza dua. Watu watajaa uani, na mimi nitatakiwa kuanza kusalimia kwa mkubwa wao. Nimefikiri tangu alasiri, mimi niliyesoma hadi chuo kikuu, na nimepata njia moja tu: nitatokea jikoni nimebeba sinia la pilau kwa mikono yote miwili. Nitamwamkia kwa mdomo, na hakuna atakayesema sina adabu.

Na nikishalitua?