Shamba la Mama Mdogo Rowshan

Jhorna, shosti, nimejifungia jikoni nacheka hadi mbavu zinauma.

Unajua mama mdogo Rowshan alivyowatambia wakwe watarajiwa wa binti yake Dalia kwamba ana shamba la mpunga kwenye kile kisiwa cha mchanga katikati ya mto Jamuna? Leo mzee Motaleb, baba yake bwana harusi, kasema anataka kuliona.

Tukapanda boti. Mama mdogo hajakanyaga kule tangu kabla ya mafuriko, lakini kidole hakishuki: "Mbele kidogo. Mbele kidogo tu."

Nahodha akazima injini. "Mama, shamba lako ndipo hapa."

HAPA WAPI? Maji matupu, Jhorna! Maji mpaka macho yanachoka!

Mama mdogo kajifunika ushungi uso mzima. Dalia machozi yanamlengalenga, maana anampenda kweli yule bwana harusi. Nikajua ndoa imekufa.

Mzee Motaleb akayatazama yale maji weee, halafu akakohoa. "Bibie, nami niseme ukweli. Ile bustani yetu ya tambuu niliyokusifia, mto uliimeza mwaka juzi."

MWAKA JUZI! Na wiki iliyopita katusimulia mavuno yake!

Mama mdogo, aliyekuwa anakufa kwa aibu, akafunua ushungi, akamkazia macho. "Na nyumba atakayoishi mwanangu, nayo iko chini ya maji?"

"Ipo! Tumeibomoa na kuihamisha mara tatu kuukimbia mto, lakini ipo."

"Basi ndoa ni Ijumaa hii. Kabla nyumba haijahama tena."

Tafuta sari, shosti. Hatanii.