Kaburi la Pili Kibanjani

Jumatatu, 24 Februari
Nimechemsha maji. Yamepoa, nikayachemsha tena. Mama ananitazama. Tangu mdogo wangu Editha afariki kabla ya Noeli, siamini maji wala mikono ya watu.

Chuo cha ualimu kilifunguliwa Januari bila mimi. Nipo hapa Keza kwa sababu Mama hawezi kulala peke yake. Mvua. Moshi wa kambi ya wakimbizi umelala juu ya migomba yetu. Kuhara damu kulitoka kule, kila mtu anajua. Editha hakuwahi kufika kambini. Ugonjwa ulimfuata hapa.

Nawachukia. Naandika neno hili kwa sababu siwezi kulisema kanisani.

Jumatano, 26 Februari
Mama ameleta mwanamke wa kambini atulimie kwa ujira wa ndizi. Hakuniuliza. Anaitwa Spesioza, Mrundi, ana mtoto mgongoni, Desideri. Kirundi chake na Kihangaza chetu vinakaribiana mno. Siwezi hata kujifanya sielewi.

Ananiita mwalimu. Nani kamwambia?

Anaimba akipalilia. Nyimbo za kanisa, zilezile zetu. Mama anasema alipoteza mume na nyumba usiku mmoja. Sasa anaimba nini?

Kikombe chake nimekiweka mbali na vyetu.

Jumapili, 2 Machi
Kigangoni. Katekista amerudia: hakuna kushikana mikono mpaka ugonjwa upite. Wakati wa kutakiana amani tuinamishe vichwa tu. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti, amani ya kuinamiana kama mbuzi wanaotaka kupigana ni amani gani. Watu wakacheka. Mimi nilishukuru. Mikono yangu ilikuwa tayari kwapani.

Spesioza aliinama upande wangu. Nikatazama juu, kwenye bati.

Naomba amani kila siku, na huku nimeushikilia mlango kwa ndani. Najua hivyo. Kujua hakunisaidii.

Alhamisi, 6 Machi
Nilitoka nikiwa na nia ya kwenda Rulenge kwa miguu, nikaombe kazi kwa masista. Nikafika barabarani. Malori ya kambi yakapita, moja baada ya jingine, tope likanirukia mpaka usoni. Nikarudi.

Huku Mama, kule kambi, kibanjani, kati ya migomba yetu, kaburi la Editha. Hata kwenda kisimani napitia upande wa pili nisilione.

Desideri analia kwa sauti nyembamba. Ninaujua mlio huo. Sitaki kumtazama.

Jumatatu, 10 Machi
Desideri ana choo cha damu. Mama alimwambia Spesioza amkimbize hospitali ya kambi. Walirudi wameloa. Mto umefunika daraja.

Maji yangu yaliyochemshwa yalikuwepo. Nikatia sukari na chumvi, nikampa mama yake kijiko bila kusema neno. Ndivyo tulivyofanya kwa Editha.

Jumanne, 11 Machi
Amekufa alfajiri, jikoni kwetu.

Spesioza alimwomba Mama nafasi ya kumzika kando ya Editha. Kambini makaburi yamepangwa mistari, hayana majina, na wao wenyewe wanaweza kuondolewa siku yoyote. Akasema, "Siku hiyo ikifika, mama, nani atampalilia?"

Baba mdogo alikuja amekasirika. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Shemeji, ukimpa kaburi umempa na kibanja. Kaburi halihami. Watoto wa watoto wake watakuja kudai hapa."

Mama akanigeukia. Kibanja ni cha marehemu Baba, na mimi ndiye mkubwa. "Konso, mwanangu, sema wewe."

Neno hapana lilikuwa mdomoni. Nikatoka nalo mvuani, nikaenda moja kwa moja kwenye kaburi la Editha. Sikuwa na sala nzuri. Nilisema: Yesu, mimi sitaki. Siwezi. Kama unataka wewe, fanya wewe.

Mvua tu, juu ya majani ya migomba.

Kisha nikaona kaburi. Safi. Hakuna hata jani moja la magugu. Mimi sijalikaribia tangu Noeli, Mama hawezi tena kuinama kupalilia. Spesioza ndiye aliyepalilia. Hakuna aliyemtuma. Zile nyimbo alikuwa akiziimbia hapa.

Nilipojitambua nilikuwa nimeshika jembe, nachimba kando ya Editha. Baba mdogo akaja akasimama, akanitazama. "Hilo ni kaburi au shimo la kuivishia ndizi?" Akaninyang'anya jembe. Alichimba mpaka mwisho, akilalamika mpaka mwisho.

Tulipomaliza kufukia nilimwambia Spesioza, "Nitampalilia mimi." Ni mara ya kwanza nazungumza naye.

Jumatano, 12 Machi
Nimeamka, hasira ipo. Nilidhani imekwisha jana. Lakini safari hii imekuta pamekaliwa. Chini yake kuna kitu kimetulia, hakisogei. Si mimi niliyekiweka. Naogopa hata kukitaja.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemlilia Editha kwa mara ya kwanza. Sana. Hasira ikaja, ikaondoka. Huzuni ikaja, ikabaki. Kile kitu bado kipo. Nilikingoja kiondoke, kama zamani baada ya sala ndefu. Hakijaondoka.

Sasa nakiita kwa jina. Amani. Ya Yesu, si yangu.

Jumapili, 23 Machi. Matawi
Bado hakuna kushikana mikono. Tumeinamiana kama mbuzi. Nilimtazama Spesioza usoni.

Nyumbani, kabla ya chakula, nilimmiminia maji anawe. Akachukua jagi, akanimiminia mimi. Sabuni ikaponyoka, sote tukaidaka, mikono ikakutana ndani ya beseni. Hakuna aliyeharakisha kuutoa wake.

Chuo, sijui. Daraja limeonekana. Tawi langu nimeligawa, nusu kwa Editha, nusu kwa Desideri. Magugu yameanza kuchipua upande wa chini, nitayang'oa kesho.

Mama ameita, ndizi zinapoa. Vikombe vyote vipo mezani, sikumbuki kipi ni cha nani.