Ndago kwenye Ukoka

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwagilia tangu alfajiri. Mabogonvilia yameshika. Waridi limekataa, basi likatae. Bi Tatu kachelewa tena, mgongo. Nikammwagilia na miche yake. Hakushukuru. Hajawahi kumshukuru mtu yule bibi. Kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipotoka Lindi sijui hata kujaza udongo kwenye kiroba, anajiona kanizaa. Ananiita mwanangu mbele za wateja, na wateja wanaenda kununua kwa mama.

Wamekuja wapima ardhi. Wamepigilia vigingi vyekundu kiwanja kizima, kimoja katikati ya mchaichai wangu. Wanasema hapa inakuja bustani ya kupumzikia, yenye maua. Nikawauliza, kwani sie hapa tunauza mkaa? Wakacheka. Mie sikucheka.

Ijumaa, 14 Juni

Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti kasema kiwanja kinaboreshwa. Nyasi, mabenchi, bembea, taa. Watu makofi mpaka basi. Wanawake wale wale wanaolialia bei ya mche mmoja wa asumini, leo mikono imewawasha kwa makofi. Msyuu.

Wote tuliopo kiwanjani tuondoke. Fundi pikipiki, muuza chipsi, na sie wawili wa miche. Ila atarudi mmoja. Muuza miche mmoja atapewa kibanda getini, bomba la maji ndani, naye atunze nyasi za bustani. Mwenyekiti akatutazama mie na Bi Tatu. Bi Tatu akatazama kucha zake.

Ni mie. Nani mwingine? Yule akichutama hainuki mpaka avutwe.

Jumatatu, 1 Julai

Nimempelekea mke wa mwenyekiti chungu cha asumini. Kizuri, kile nilichokuwa nakifichaga kisiuzwe. Kasema asante, weka pale. Bi Tatu hajapeleka kitu. Kazubaa. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini yule hata akiambiwa toka hasikii.

Nakitaka kile kibanda. Nakiota. Maji ndani! Miaka yote nabeba ndoo.

Jumamosi, 20 Julai

Greda limekuja asubuhi na mgambo. Walishatuambia tuhame, kweli, lakini tuhamie wapi? Miche si makochi, uyapange sebuleni. Yangu nimeiweka kwenye korido ya nyumba niliyopanga. Mwenye nyumba katukana mpaka kachoka.

Ya Bi Tatu haikutoka. Hakuweza kubeba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama greda linavyopita juu ya vyungu. Vinalia kama biskuti. Vijana wanapiga video. Kuna mmoja alimwambia, "Bibi, cheka basi." Akacheka!

Nilibeba ya kwangu kwanza. Nilipomaliza ya kwangu, ya kwake ilishakwisha. Naandika ukweli, hakuna anayesoma: sikukimbia.

Jumanne, 6 Agosti

Kusi inavuma kavu. Miche inanifia koridoni mmoja mmoja. Nanunua maji ya kumwagilia maiti.

Msimamizi wa ujenzi kanitafuta. Kijana, kofia ngumu ya njano, simu mbili. Anataka ukoka na udongo mweusi kwa ajili ya nyasi zake. Kasema kaulizia Buguruni kakosa mtu wa uhakika. Nikamwambia kampata. Hii ni ishara. Aliyeleta nyasi ndiye wa kuzitunza, hata mtoto anaelewa.

Jumatano, 21 Agosti

Kibanda kapewa Bi Tatu.

Mwenyekiti katangaza mbele ya watu. Sababu? Bi Tatu ndiye kungwi wa mkewe. Alimcheza ngoma akiwa mwali, akaja kuwacheza na mabinti zao. "Kungwi hakataliwi," kasema, na wanaume wazima wakatikisa vichwa utadhani wamesomewa aya. Na Bi Tatu ni mwenyeji, babu zake walilima hapa hapa pakiwa shamba. Mie wa kuja. Miaka yote hii, bado wa kuja.

Nikapita kwa mke wa mwenyekiti. Asumini yangu imekauka pale pale aliponiambia niiweke.

Roho imeniuma. Bi Tatu hakunifuata hata kuniambia pole. Kapita na mkongojo wake, kimya, kama aliyeokota kitu njiani na hataki kuulizwa. Namchukia. Sijawahi kumchukia mtu hivi, hata yule mwanamume aliyenileta Dar akaniacha Mbagala.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo nimefanya.

Siku za mwanzo za kunifundisha Bi Tatu alinipeleka bondeni kwa mto Mzinga. Kuna udongo kule mweusi ti, unanukia mpaka unatamani kuula. Akanikataza. Umejaa ndago. Ukiing'oa ndago unapata jani mkononi, kichwa kimebaki chini, na kesho kinatoa majani mawili. Haina dawa. Ikishaingia kwenye nyasi, zihame wewe. "Udongo huu muuzie adui yako," aliniambia, akacheka kicheko chake kile cha tumbaku.

Nimekodi kigari cha kirikuu, nimechota kule kule. Safari mbili. Sikuchekecha. Bi Tatu hakuwepo, alikuwa kajilaza. Vijana wa msimamizi wakausambaza wakiusifia. Kisha nikapanda ukoka juu yake kwa mikono yangu miwili, mstari kwa mstari. Nilikuwa naimba.

Kibanda kakipata, na achutame sasa. Ang'oe mpaka huo mgongo ukatike.

Jumamosi, 14 Septemba

Ee Mola wangu.

Bi Tatu kaja kwangu na bakuli la mihogo ya nazi. Kakaa kitandani maana kiti sina. Kasema kibanda kitakuwa chetu wote wawili. Kamfuata mwenyekiti siku zote hizi, kamwambia bila mie Somoe hataki. Jana ndiyo mwenyekiti kakubali. "Nilinyamaza, mwanangu, sikutaka nikupe ahadi ya mdomo. Na mie kwa mgongo huu, ntachutama na nani kama si wewe?"

Sharti moja. Wakubwa watakuja kukagua mvua za vuli zikishashika. Wakikuta nyasi safi, kibanda chetu. Wakikuta chafu, watamtafuta mtu mwingine.

Nikala mihogo. Nikaisukuma kwa maji.

Ningeweza kusema pale pale. Mvua bado, ukoka haujashika vizuri, udongo ungeweza kukwanguliwa ukatupwa. Vijana wangelalamika siku mbili yakaisha. Lakini nikisema, nani atanipa kibanda? Nikasema nitamwambia kesho.

Jumapili, 15 Septemba

Sikumwambia.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nazidi kuwahi. Nafika kabla ya Bi Tatu, namwagilia kidogo sana ili ndago zisiamke. Zinaamka. Pale karibu na bembea nimeng'oa tatu, nikachimba kwa kijiko cha ugali kufuata vichwa. Chini zimeunganika kwa nyuzi, moja kwa nyingine kwa nyingine. Nikafukia.

Bi Tatu anafurahi siku hizi. Anapanga kibanda chetu kichwani: waridi upande huu, viungo vya kupikia upande ule, na kigoda changu karibu na bomba. Anaongea kama msichana anayeposwa. Natamani anyamaze.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Leo jua.

Zimetoka zote. Kiwanja kizima. Ndefu kuliko ukoka, zinang'aa, zimesimama wima kama watoto wa shule mstarini. Msimamizi kapita, kadhani ndiyo nyasi zenyewe, kasema hongereni mama zangu. Kijana mjinga.

Bi Tatu kachutama. Kachimbua moja kwa kidole mpaka kichwa. Kakikata kwa ukucha, kanusa.

"Udongo wa bondeni huu."

Hakuniuliza kitu. Hakuniangalia. Kaanza kung'oa. Nikachutama kando yake nikaanza na mie. Mpaka adhuhuri hatujasemezana. Nilitamani anitukane. Anitukane matusi ya kwao yote, ya uani na ya unyagoni, tumalizane. Nilisikia tu mgongo wake ukilia kila alipojongea.

Jumatano, 30 Oktoba

Tunang'oa. Zinaota. Nimenunua dawa ya magugu kwa siri, nikapuliza kona moja. Ukoka umekufa. Ndago ziko vile vile, zimependeza.

Bi Tatu haongei na mie ila ya kazi. Nipe jembe. Sogea. Lile la mwanangu halimo tena. Wateja wanaopita wanatupa pole, anaitikia yeye kwa wote wawili.

Leo alishindwa kuinuka. Nikamvuta. Mwepesi sana, kumbe.

Jumamosi, 9 Novemba

Wamekuja kukagua. Wanaume wanne na mwanamke mmoja wa viatu virefu vinavyozama kwenye tope. Kofia ya njano kashaambiwa na mtu kwamba zile si nyasi, kavimba.

Mkubwa wao akauliza nani anatunza hapa.

Nilikuwa nimechutama karibu kabisa na Bi Tatu. Bega kwa bega. Ulimi ulikuwepo kinywani, mzima, hauumwi.

"Mie," kasema Bi Tatu.

"Na udongo kaleta nani?" Msimamizi akanitazama. Nikasubiri. Bi Tatu akasema, "Udongo hauna kosa. Mtunzaji ndiye mie."

Mkubwa akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Bibi, nenda kapumzike, hapa tunajenga bustani, hatujengi wodi ya wazee." Watu wakacheka. Wale wale wa makofi. Mwenyekiti akajifanya anapokea simu, na simu haikulia, niliiona. Kungwi hakataliwi, loh!

Bi Tatu alikuwa kachutama, akataka kuinuka kwa heshima zake, akashindwa. Nikainuka, nikampa mkono. Hapo hapo, mkono wake ungali mkononi mwangu, msimamizi akanigeukia mie. Wewe mama una nguvu. Kibanda chukua wewe, nyasi utunze wewe. Peke yako. Bibi asionekane tena hapa na jembe.

Nikasema sawa.

Sikufikiri. Nilisema haraka, kama mtu anayedaka kitu kisidondoke. Bi Tatu akautoa mkono wake taratibu, akatafuta mkongojo, akaenda zake. Hakuna aliyemsindikiza.

Jumatatu, 25 Novemba

Bustani imefunguliwa rasmi. Utepe, spika kubwa, singeli. Watoto wamejaa kwenye bembea wanapigana. Kibao kimewekwa: USIKANYAGE NYASI. Robo tatu ya hizo nyasi ni ndago.

Miche yangu imerudi, ile iliyobaki. Bomba liko ndani, nafungua tu. Biashara nzuri, siwezi kusema uongo. Wachumba wanaokuja kupiga picha wananunua waridi.

Kila alfajiri nang'oa. Msimamizi kasema masika ikikuta ndago, nami nje. Nikamwambia zitakwisha. Vidole vimepasuka, nanawa kwa chumvi.

Nasikia mwanawe Bi Tatu anataka kumhamishia Kisarawe. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo: nimefurahi. Aende. Njia ya kwenda sokoni, inayopita mlangoni kwake, nitaipita bila kuinamisha kichwa.

Jumapili, 8 Desemba

Hakwenda Kisarawe.

Kaja leo baada ya adhuhuri, kajifunga kanga mpya, kaoga, kapaka wanja. Kaingia getini kama mwananchi yeyote. Mabenchi ni ya watu wote, ndivyo walivyosema kwenye spika. Kachagua lile linaloangalia nyasi. Mie nilikuwa chini, nimechutama, kisu mkononi.

Nikamwamkia shikamoo. Kaitika marahaba.

"Pole na kazi, Somoe."

"Nishapoa, Bi Tatu."

Basi. Kafungua karanga zake akawa anatafuna. Watoto wanapiga kelele, upepo unapita vizuri, kweli pamependeza. Kila nikiinua kichwa yupo. Hakununa, hakucheka. Kakaa mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Nilidhani anaondoka. Kumbe kasogea mwisho wa benchi, akanionyesha kwa kidevu.

"Pale umeacha moja."

Nikaenda. Ilikuwepo, ndogo, imejificha chini ya ukoka. Nikachimba mpaka kichwa nikaitoa.

"Na pale."

Nikaenda na pale.