Titi yangu imebaki Bulawayo

Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 9 Oktoba 1986

Kwa ndugu yangu ya tumbo moja, Kulthumu binti Alimasi, ku Mitwaba,

Titi yangu ya kushoto ilikatwa siku ya pili ya juma, tarehe 12 Agosti ya huu mwaka, ku Bulawayo, inchi ya Zimbabwe. Nimetanguliza ile habari mbele ya salaam juu nimechoka kuibeba peke yangu, na juu nataka uisome ungali na nguvu ya kukasirika.

Sasa salaam. Namna gani afya yako, namna gani Aruna bwana yako, mama-mukwe yako, na batoto? Mvua ya kwanza imefika kule? Mihogo imeota? Huku siye tuko. Jua inachoma, bei ya unga inapanda kila juma, na miye nakula, nakaa, nasimama, nakaa tena. Tangu nilirudi siwezi kukaa mu kiti moja mpaka chai ipoe. Sababu yake ni weye.

Kapya, ule shofere ya kamio ya Mitwaba, alinipitia juzi. Alileta mahindi yenye ulituma, aksanti. Tena, bila kuulizwa, akasema Kulthumu hatwangi tena. Akasema mukono ya kuume inavimba, na chini ya kwapa iko kitu ngumu sawa limao ndogo, mama-mukwe yako anaifunga na majani kila asubuhi. Akasema munaita ile sumu, sumu ileile yenye iliua mama yetu. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu Ramazani. Miezi ine, Kulthumu! Miezi ine na majani!

Basi sikiliza ya kwangu, na usiruke mustari.

Ilianza mu mwezi ya tano, ku Kasenga, nikiwa nanyanyua kitunga ya samaki ya kukauka. Niligusa kitu kama mbegu ya boga. Haikuuma, na njo ile ilinitia woga, juu miye kila kitu inaniuma. Nilirudi nikaenda kwa munganga mukubwa ya huku. Alikata kipande kidogo, nikangoja juma mbili, akaniambia ni kansere. Akasema kukata yeye anaweza, lakini nyuma ya kukata inaomba masini ya kuchoma mizizi yenye inabaki, na ile masini huku haiko, bantu banaifuata Bruxelles. Nikauliza bei. Akacheka kwa huruma, akasema mama, ile si bei ya soko. Nikamujibu kila bei ni ya soko, aseme tu.

Alisema. Biye, ile tikiti ya ndeke, lopitali, mahali ya kulala: niligeuza mu samaki, bitunga mia tatu na kumi. Miye, mwezi ikiwa muzuri, nauza bitunga kumi na mbili. Fanya hesabu: miaka mbili na zaidi, na ile ni bila kula na bila kulipa ushuru ya duane. Samaki ingekwisha kuuzwa na miye niko chini ya udongo. Babibi ya bantu ya mugodi banaingia ku lopitali ya kampuni na karte ya bwana. Miye, mujane ya fundi ya kushona, nimebalisha samaki miaka kumi na tano, nilinunua pamba ya kidonda yangu mu soko.

Chileshe njo aliniambia Bulawayo. Unamujua, mwenzangu ya biashara ku ngambo ya muto Luapula, ule mwanamuke akisalimia, mitumbwi inageuka. Alisema mama yake mudogo alichomwa na masini ileile kule, na sasa amerudi, analima, anatukana bantu kama zamani. Tukakaa juu ya bitunga tukahesabu, yeye mu kwacha, miye mu zaire. Njia, lopitali, chakula, vyote: bitunga sitini na ine. Niliuza samaki yenye ilikuwa mu nyumba, nikauza masini ya kushona ya marehemu Abibu, nikauza mabati yenye nilikuwa naweka juu ya nyumba. Sikumuomba muntu hata makuta moja. Na weye pia sikukuomba.

Nilisema naenda kutafuta bitambaa. Bel-Air nzima ikasema nafuata bwana. Na weye, mutoto ya mama yangu, ulimutuma Kapya aniulize kama bwana-arusi ya Zambia iko na meno yote. Mbele yake nilicheka. Nilipofunga mulango sikucheka.

Ku mupaka ya Kasumbalesa, muntu ya duane alipekua sanduku yangu akashangaa. Akauliza dada, mufanya-biashara bila mali, unaenda kuuza hewa? Nikamujibu hii mara naenda kuacha mali, si kuleta. Akaniruhusu, akifikiri nina kichaa. Nilipanda bisi mpaka Lusaka, bisi mpaka Livingstone, kisha treni. Sikulala. Kila mara treni ikisimama, mukono yangu ilikuwa inaenda kutafuta ile mbegu, kuona kama imeongezeka.

Kule banasema Kiingereza, na miye niko na Kifaransa ya soko tu. Aliniokoa Bwalya, mugonjwa ya Kitwe, tulisemezana Kibemba. Yeye amekwisha kukatwa. Aliponiona nashika titi yangu, akasema mu hii nyumba titi ni kama biatu ku mulango ya musikiti yenu, unaacha, unaingia. Nilimutukana. Njo akafurahi, akasema huyu atapona. Nyuma ya kukatwa, muzee moja ya musikiti, muntu ya Malawi, aliona jina yangu ku kitanda, akaenda kuomba ile nyama, akaifunga mu kitambaa nyeupe akaizika. Kisha bakanichoma na ile masini juma tatu. Haiumi. Ngozi inakuwa nyeusi kama chungu, kisha inatoka.

Nimesimama kidogo, nimezunguka kiwanja, nimerudi. Sasa soma polepole.

Mbele ya kunikata, dokta aliuliza, Bwalya akitafsiri: mama yako alikufa na nini? Nikajibu sumu. Bwalya akanitazama, akasema hiyo sitamwambia, umudanganye mwenyewe. Dokta akauliza niko na dada ngapi. Nikasema moja. Akaweka kalamu chini. Akasema kama mama alikuwa nayo, ule dada aje mbele haijatembea mu mwili, asingoje. Nililala na ile neno siku mbili. Siku ya tatu nilimuita Bwalya, nikamwambia dokta ile yenye nakuambia weye leo.

Mama hakulishwa sumu. Mu 1973, siku alikufa, weye ulikuwa na tumbo ya mutoto ya kwanza, balikukataza kuingia mahali ya kuosha maiti. Tuliingia batatu: shangazi Alima, bibi muoshaji, na miye. Nilipofunua upande ya kuume, titi haikuwa titi. Ilikuwa kidonda, ngumu kama jiwe, imepanda mpaka kwapani, na majani yangali mukati yake. Miaka yote ile mama alikuwa anaifunga chini ya kitenge na kutia marashi juu yake. Tulifikiri anapenda kunukia! Shangazi alinishika mukono, akasema muosha maiti hasemi yenye aliona, aibu ya maiti inazikwa naye. Nikanyamaza. Hata leo naiheshimu ile sheria.

Lakini inje bantu balikuwa banatafuta mwenye kosa, bakamupata mama Chola, muke ya pili ya baba. Weye mwenyewe ulimutemea mate mbele ya matanga. Alitoka na batoto babili na sufuria moja. Miye nilikuwa nasimama ku mulango, najua, natazama.

Ile sheria iliwekwa kusitiri mama, Kulthumu. Haikuwekwa kumuzika na binti yake.

Sasa ya kwako. Mbele nirudi, dokta ya Bulawayo aliandika nafasi tarehe 10 Novemba, na jina yenye iko pale ni yako. Bwalya atatungojea. Usiniambie habari ya franga: kiwanja yangu nimeiuza, mununuzi amekwisha kulipa, na ile si deni. Nitakuwa kando yako njia yote. Najua bitanda, najua foleni, najua dawa gani inakuja na harufu gani.

Nisalimie Aruna, na mwambie namuheshimu, lakini hii si shauri ya kikao. Mama-mukwe yako umupe salaam nyingi. Majani yake iachie bidonda ya miguu. Busu batoto.

Mapadri ya Mitwaba beko na fonii, ile redio ya kusemezana, banasemezana na Lubumbashi kila asubuhi. Ijumaa, tarehe 24, saa ine, nitakuwa nimesimama huku mbele yake, weye simama kule. Sitaki tutaona. Sitaki kwanza nimuulize Aruna. Sitaki Mungu akipenda. Mungu nitamuomba mwenyewe. Unakuja, ao haukuji?

Miye dada yako,
Amida binti Alimasi