Maharage Katika Kikapu cha Paskalina

KITUO CHA POLISI NJOMBE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Getruda binti Yohani Ngimbudzi
Umri: miaka 58 kwa kukadiria
Kazi: mkulima
Dini: Mkristo, Mlutheri
Makazi: Makambako
Yametolewa mbele ya: Sajini Lameki Sanga
Tarehe: Jumanne, 21 Juni 1960, kuanzia saa nne asubuhi

Nimeonywa na Sajini kwamba nisiseme ila kweli. Nimemjibu kwamba nimepanda lori tangu saa kumi na mbili asubuhi kwa baridi hii ya Juni, nimekaa juu ya magunia ya viazi mpaka Njombe, na mtu hapandi lori namna hiyo kwa ajili ya uongo.

Mimi ni shangazi wa Elieza Ngimbudzi, wakili, ambaye nimeambiwa yuko mahabusu hapa tangu jana mchana. Baba yake, ambaye ni kaka yangu, alifariki Elieza akiwa na miaka minne, mama yake akaolewa kwingine. Nimemlea mimi. Alikwenda kusoma sheria Uingereza, akakaa huko miaka saba. Alirudi mwaka 1957, akafungua chumba cha kazi pale Makambako nyuma ya duka la vitambaa. Hapo ndipo watu wanapompelekea habari za mipaka ya mashamba na mirathi. Mwenye kitu anamlipa, asiye na kitu anamletea kuku, asiye na kuku anamwambia asante. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja kwangu kula ugali.

Mwaka huu mzee aliyekuwa na kiti chetu kwenye Baraza la Kutunga Sheria alisema amechoka, hagombei tena. Kiti kikawa wazi, na kiti kikiwa wazi kila mwenye suruali iliyopigwa pasi anajipima. Wakajitokeza watu saba wa chama kimoja. Ikabidi wajumbe wa matawi wakutane Makambako wachague mmoja tu wa kusimama. Elieza alikuwa mmoja wa hao saba.

Sajini amenikatiza, amesema niende kwenye tukio. Nimemwambia tukio ni hili, avumilie.

Mnamo tarehe 18 Juni 1960, siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, wajumbe walikusanyika kwenye shule. Walikuwa 212, majina yao yameandikwa. Kwa kuwa wengi hatusomi, mwenyekiti wa tawi, Mzee Ezekia Nyagawa, alipanga kura ya maharage. Kila mgombea alileta kikapu cha nyasi za milulu chenye kifuniko. Asubuhi walisimama mbele yetu, kila mmoja na kikapu chake, tukakiangalia vizuri ili tukikumbuke. Kisha vikapu vikapangwa juu ya mkeka kwenye stoo ya shule. Mjumbe anapewa harage moja mlangoni, anaingia peke yake, analitumbukiza kwenye kikapu anachokitaka, anatoka. Maharage yalikuwa mekundu yote, ya gunia moja alilolitoa mwenyekiti. Gunia hilohilo ndilo tulilopikia chakula cha wajumbe.

Elieza hakuwa na kikapu. Anaishi na vitabu na sufuria moja. Aliazima kikapu kwa jirani yangu, Paskalina Mlowe, kikapu chenye pindo jeusi. Aliniambia mbele ya Paskalina, "Shangazi, Jumapili unisaidie kukirudisha." Nikasema nitakirudisha.

Mimi nilikuwa mjumbe, na pia nilikuwa mkubwa wa jiko. Niliingia kupiga kura saa tatu asubuhi, miongoni mwa wa kwanza, nikatoka, nikarudi jikoni. Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo. Walio mbali nawe huwaoni, unasikia sauti tu, na moshi wa kuni ulikuwa umelala chini, haupandi. Nilikuwa macho tangu jogoo wa kwanza. Nilichambua maharage huku nawasikia akina mama wakiongea ndani ya ule weupe, sijui nani kasema lipi. Mmoja alisema, "Mimi Elieza nampenda, lakini sikumpa. Akienda Dar es Salaam, kesi yangu ya shamba nani ataisimamia?" Mwingine akacheka, akasema, "Nami sikumpa, lakini wengine watampa, hatakosa." Mwingine akasema hivyohivyo. Walikuwa wanamsifu kweli.

Saa sita mchana kura zilisimama ili watu wale. Wenyeji wote tulikuwa tumeshapiga, wakabaki wajumbe wa mbali ambao lori lao lilichelewa, na wagombea wenyewe ambao walikubaliana wapige mwisho. Mzee Ezekia alinipa ufunguo wa stoo nifagie tope lililoingizwa na miguu ya watu. Wagombea wote walikubali nipewe mimi, ingawa walijua Elieza ni mwanangu. Walisema, "Getruda hata umbane na mlango hasemi uongo." Nayasema haya kwa aibu.

Niliingia peke yangu. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani kupitia dirisha lisilo na kioo. Vikapu saba vilikuwa vimekaa kwenye mkeka kimya kama watu wanaongoja ibada ianze. Nilisimama kidogo. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilisikia joto la jiko likinitoka mgongoni, usingizi ukanijia nikiwa wima, na nilisikia mama yangu mzazi akifagia mahali fulani, naye amekufa tangu mwaka wa nzige. Nikajua ni mimi ninayefagia. Nikaanza kuinua vikapu kimoja kimoja nifagie chini yake. Sita vilikuwa na sauti, maharage yanatembea ndani. Cha saba kilikuwa chepesi. Nikafungua kifuniko. Niliona milulu ya chini, msokoto wote mpaka pale katikati mfumaji alipoanzia.

Kwetu mtu akikuazima chombo, humrudishii kitupu. Unatia chochote ulicho nacho, hata kama ni viazi viwili. Mtoto wa kike anafundishwa hivyo kabla hajafundishwa kupika. Nilipoona kikapu cha Paskalina kitupu, na nimeahidi kukirudisha, nilishikwa na haya. Kwenye pindo la kanga nilikuwa na maharage niliyochambua. Nilifungua pindo nikatia konzi mbili. Nilikuwa pia na donge la chumvi ya kupikia, nikamega kipande, nikakifunga kwa ganda la hindi, nikakifukia ndani, kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Nikafunika. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikamaliza kufagia, nikafunga mlango.

Sajini ameniuliza kama sikujua kwamba maharage yale ndiyo kura. Nimemjibu kwamba nilijua saa tatu nilipopiga yangu, na nilijua baadaye jioni. Saa ile katikati sikujua. Mkono wangu umefanya kazi hiyo miaka hamsini bila kuniuliza. Akitaka kuandika kwamba nilikuwa naota, aandike, lakini nilikuwa nimesimama na ufagio ninao.

Saa saba hivi Elieza alikuja kuniomba ufunguo. Alikuwa ameacha koti lake stoo asubuhi, na baridi ilimzidi. Niliona akiingia, akatoka na koti. Hakukaa hata muda wa kufunga vifungo. Watu wengi walimwona, na hicho ndicho kilichomponza.

Saa kumi jioni vikapu vilimwagwa juu ya gunia, mbele ya watu wote. Mwalimu Danieli Mfugale alipata 61, ikasemekana ameshinda. Kikapu cha Elieza kilikuwa cha mwisho. Kilipomwagwa, kilidondoka pamoja na maharage kifurushi cha ganda la hindi. Hapo ndipo nilipozinduka. Watu wa mbele walirudi nyuma, nikasikia neno "dawa". Mzee Ezekia alikisogeza kwa kijiti, akahesabu. Yalikuwa 78.

Niliwatazama akina mama wa jikoni. Kila mmoja alikuwa anawatazama wenzake. Kisha wakashangilia, na walioshangilia zaidi ni walewale waliosema hawakumpa. Nadhani kila mtu alijiona peke yake ndiye aliyemnyima. Walimbeba Elieza juu juu, wakapotea naye kwenye ukungu, nikawa naona koti lake tu likipanda na kushuka.

Waliporudi naye alikuja mpaka nilipo, machozi yanamtoka, akanishika mikono miwili. Alisema, "Shangazi, najua harage la kwanza humu ni lako." Sikumjibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mdomo ulikuwa wangu, lakini nilikuwa sijamwona akilia tangu siku tuliyomzika baba yake. Hilo ndilo kosa langu, Sajini. La kikapu lilikuwa la mkono. Hili la kunyamaza ni langu mwenyewe.

Jumapili, tarehe 19, Mzee Ezekia alijumlisha akiwa nyumbani kwake, akapata maharage 289. Waliopiga ni 212. Yamezidi 77. Habari ilifika kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Walisema Elieza aliyatia alipoingia kuchukua koti, na kwamba kile kifurushi ni dawa ya kupumbaza watu. Mchana huo hakuja kula. Jumatatu saa nne asubuhi askari walimchukua. Nimeambiwa akionekana na hatia jina lake litafutwa kwenye daftari la mawakili, asisimamie tena kesi ya mtu yeyote. Kiti akikose, sawa. Lakini kazi yake hapana. Alikaa miaka saba kwenye nchi ya watu kwa ajili ya kazi hiyo.

Leo ndani ya lori nilisinzia. Niliona yale maharage yameota ndani ya kikapu, yametambaa ukutani pale shule, yametoka dirishani, na kila jani lina alama ya kidole gumba. Nilipoamka tulikuwa tumefika Njombe, nikateremka nikaja moja kwa moja hapa.

Kile kifurushi si dawa. Ni chumvi. Naomba kionjwe.

Sajini ameniuliza swali. Amesema: "Mama, umesema ulipiga kura saa tatu asubuhi. Saa sita umefungua kikapu cha wakili, umekuta kitupu. Harage lako lilikuwa wapi?"

Sajini ameniambia nina haki ya kutojibu, kura ni siri. Nimemwambia nisipojibu mtasema kikapu hakikuwa kitupu, kwa kuwa nani ataamini kwamba mama aliyemlea alimnyima? Kwa hiyo najibu. Harage langu nilitia kwenye kikapu cha Mwalimu Danieli. Nilisimama mbele ya kikapu chenye pindo jeusi na harage mkononi mpaka likapata joto. Nikakumbuka miaka ile saba, barua inayokuja baada ya miezi mitatu na hakuna wa kunisomea. Nikaona Dar es Salaam nako ni mbali. Nikasema moyoni wengine watampa, mimi nibaki naye wa Jumapili. Nampenda kuliko nafsi yangu, na nilimnyima.

Sajini amepiga hesabu mbele yangu. Katika yale 78, yangu yalikuwa 77. Lililobaki ni moja, na Elieza alipiga kura yake jioni. Nimemwomba Sajini hili la harage moja na lile la Mwalimu Danieli ayaache, asiyaandike. Ameniambia mshitakiwa ana haki ya kusoma maelezo yote kupitia wakili wake, na wakili wake ni yeye mwenyewe. Nimefikiri kidogo, nikasema basi ayaandike yote, na aandike pia maneno ya wale akina mama wa jikoni, neno kwa neno, ili ajue kwa nini.

Sina la kuongeza. Nimesomewa kwa Kiswahili, na pale nilipopotea nimeelezwa kwa Kibena, na nimeona hapana kilichopunguzwa.

Sahihi: Getruda Ngimbudzi
(Ameandika jina kwa mkono wake. Anasema alifundishwa na mshitakiwa.)

MAELEZO YA ASKARI: Kifurushi kimefunguliwa mbele ya shahidi saa saba mchana. Nimekionja. Ni chumvi. Nimehesabu tena maharage ya kikapu chenye pindo jeusi: 78.

Saa tisa alasiri mshitakiwa amepewa maelezo haya. Ameyasoma mara mbili. Amesema hana swali kwa shahidi. Ameuliza kama bado yupo, nikamwambia amekaa kwenye benchi nje na hataki kupanda lori la kurudi. Ameomba kesi ikiisha kikapu kirudishwe kwa Paskalina Mlowe na vyote vilivyomo, kisirudi kitupu.

Ameomba pia apewe harage moja, lile lake. Nimemwambia siwezi kulijua, yote yanafanana.

L. Sanga, Sajini