Viwanja Sita na Kitanda Kimoja

Mjukuu wangu Hamisi,

Huku Nachingwea tu wazima, mama yako anapepeta ufuta. Unauliza kwa nini nimekataa kusaini mchoro wa viwanja sita nyuma ya nyumba yetu. Nimechoka kueleza! Njia ya kwenda viwanja vya nyuma ni nyembamba mno, lakini majirani wenzangu wote wamenyoosha mikono kukubali, eti mchoro una rangi nzuri.

Nilipokuwa msichana kule Ruponda, baba aligawa shamba. Kabla ya kupanda miti ya mpaka, aliwabebesha kaka zangu wanne kitanda, wapite nacho kati ya vigingi vya njia. Kikakwama.

"Siku ya msiba mtapita hivihivi," akasema. "Maiti hakunjwi."

Njia ikapanuliwa palepale.

Kesho mwenyekiti wa mtaa anakuja kunishawishi. Kitanda nimeshakitoa nje. Yeye atashika mbele.

Bibi yako,
Somoe