Mgomba wa Nyacheki Umefika Baharini

Dada Moraa, bwakire!

Hapa Lamu jua linapika mtu, lakini leo nimesimama! Ndiyo, mimi, mchuma chai wa miaka hamsini na mbili, nimesimama juu ya ubao na wimbi likanibeba mpaka ufuoni. Vijana nilioanza nao wamekunywa maji ya chumvi asubuhi nzima. Mwalimu wetu akaja mbio: "Mama, ulijifunzia ufuo gani?" Nikamjibu, "Nyacheki." Akauliza kama ni karibu na Malindi. Milima yetu ya chai, karibu na Malindi! Nilicheka mpaka nikakaa mchangani.

Ningemwelezaje? Kwamba miezi yote tuliyopanga safari hii, kila mvua iliponyesha ulikata mgomba uliokwisha kuvunwa, ukaulaza kwenye mteremko nyuma ya zizi lako, mimi nikasimama juu yake miguu mitupu, wewe ukasukuma, nikateleza na matope mpaka chini? Wenzetu pale kituo cha majani chai walisema tumerogwa. Waonyeshe kadi hii, na waisome polepole.

Nimekukosa sana, wewe na uji wako wa wimbi. Sasa kata mgomba mwingine. Nikirudi utapanda wewe, na mimi ndiye nitakayesukuma.

Mdogo wako,
Kerubo